Wimbo Huu Ni wa Nani?

Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati ya kwaya katika wikendi ya mafunzo kuelekea Jubilei. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanakwaya ambao hawakuweza kuhudhuria.



Tumepewa dakika ishirini, na harufu ya pilau inatufikia hapa kutoka jikoni, kwa hivyo hatutazunguka.

Majuzi baada ya mazoezi, binti mmoja wa Shule ya Jumapili alituuliza swali. Tulikuwa tumemaliza kuimba ule wimbo wetu wa kuingilia, ambao kwaya hii imeuimba kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye harambee na kwenye mashindano ya dayosisi kwa miaka isiyohesabika. Akauliza, "Wimbo huu ni wa nani?" Tukamjibu haraka, "Ni wetu." Akatuangalia. "Wenu nani?"

Tulicheka, tukafunga kinanda, tukaenda nyumbani. Lakini wengine wetu hatukulala vizuri, kwa sababu wimbo ule una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa pale pale, safu ya nyuma upande wa besi, akikunja daftari lake. Aliutunga akiwa kijana. Aliuandika kwa solfa, kwa kalamu ya wino wa buluu, akaandika jina lake pembeni juu ya karatasi. Tukaupiga fotokopi. Mwaka uliofuata tukapiga fotokopi ya ile fotokopi, na kila mwaka hivyo hivyo, hadi jina likaliwa na ukingo wa karatasi. Tuliporekodi kanda yetu ya kwanza, tukaandika kwenye jalada kwamba watunzi ni kwaya. Hakulalamika hata siku moja, nasi tukachukua kutolalamika kwake kuwa ndiyo ruhusa.

Basi kamati iliposema tuzungumze juu ya muziki, tuliamua kuzungumza juu ya kazi ya mtunzi: anafanya nini siku nzima, anakula nini, na kwa nini inamchukua muda mrefu hivyo. Na kwa kuwa nabii hana heshima kwao, tutaanza mbali kisha turudi nyumbani.

Wengi wetu tukisikia neno mtunzi, katika muziki ule unaoandikwa kwa noti kwa ajili ya kwaya na okestra, tunawafikiria Handel na Bach, wazee wa nywele za bandia. Tunadhani kazi hiyo ilikwisha. Haikuisha. Yupo mzee mmoja, Arvo Pärt, aliyezaliwa 11 Septemba 1935 huko Estonia, na nyimbo zake za kanisa zinaimbwa ulimwenguni kote. Estonia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ya watu milioni 1.3 hivi, yaani hawafiki theluthi moja ya wakazi wa Nairobi. Lakini kwa kwaya, wale ni ndugu zetu. Tamasha lao la nyimbo lilianza 1869, na likifanyika Tallinn waimbaji hupanda jukwaani kwa makumi ya maelfu, wote wakiimba pamoja. Sisi ambao tumekua na mashindano ya muziki ya shule tangu darasa la tatu tunaweza kuwaelewa watu kama hao.

Pärt alikua katika mji wa Rakvere. Nyumbani kwao kulikuwa na piano kubwa, ila vibonyezo vya katikati vilikuwa vimeharibika, basi mtoto akawa anacheza na sauti za juu kabisa na za chini kabisa. (Wale mnaokumbuka kinanda chetu cha zamani, kile kilichokuwa bubu kuanzia fa hadi la, msikate tamaa.) Akaenda jeshini akapiga ngoma na obo katika bendi. Akaingia chuo cha muziki Tallinn, akamaliza 1963. Na hapa ndipo tunataka kina baba wasikilize: kwa takriban miaka kumi, hadi 1967, mtu huyu alikuwa na kazi ya kuajiriwa. Alikuwa fundi wa sauti katika redio ya taifa. Alikaa nyuma ya kioo akirekodi muziki wa watu wengine, kisha akatunga wa kwake kwa muda uliobaki. Baadaye akaishi kwa kutunga muziki wa filamu, filamu nyingi, na si kwa kupenda bali kwa kutafuta unga.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya nchi maskini tu. Philip Glass, Mmarekani, alifanya kazi ya ufundi wa mabomba na kuendesha teksi New York. Mwaka 1976 opera yake ilionyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Metropolitan, watu wakajaa, na baada ya hapo akarudi kwenye usukani wa teksi, kwa sababu onyesho lilikuwa limeacha deni. Alikuwa amekwisha pita miaka arobaini alipoweza kuishi kwa muziki peke yake. Siku moja alikuwa akifunga mashine ya kuoshea vyombo katika nyumba ya mtu, na mwenye nyumba, mwandishi wa habari za sanaa, akamtambua, akashtuka sana. Glass akamwambia aondoke amalizie kazi.

Turudi kwa Pärt. Estonia wakati ule ilikuwa chini ya Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1968 alitunga kazi iitwayo Credo, ya piano, kwaya na okestra. Maneno yake yanaanza kwa kumkiri Yesu Kristo, kisha yanaingia katika Mathayo sura ya tano, pale Bwana anapozungumza juu ya jicho kwa jicho. Muziki unapigana wenyewe kwa wenyewe, fujo tupu, halafu unatulia ndani ya wimbo mwepesi wa Bach ambao kila mwanafunzi wa piano anaujua. Neeme Järvi aliuongoza Tallinn mwezi wa Novemba mwaka huo. Wakubwa hawakusumbuliwa na fujo ile. Walisumbuliwa na kukiri. Kazi ikafungiwa, na watu waliokuwa wakimwagiza muziki wakaanza kukaa mbali naye.

Na hapo Pärt akanyamaza. Kuanzia 1968 hadi 1976 hakutoa karibu kitu, isipokuwa simfonia moja mwaka 1971. Miaka minane! Wanakwaya, sisi mwalimu akikawia wiki mbili na wimbo wa Krismasi tunaanza kunong'ona. Mzee huyu alikuwa akifanya nini? Alikuwa anajifunza upya kama mtoto. Alichukua nyimbo za zamani kabisa za kanisa, zile za sauti moja zilizoimbwa na watawa, akazisoma. Alijaza madaftari kwa madaftari. Alikuwa anasoma zaburi, kisha anaandika mstari mmoja wa sauti bila maneno, kisha zaburi nyingine, mstari mwingine. Katika miaka hiyo pia alijiunga na Kanisa la Kiorthodoksi.

Mwenyewe amesimulia zaidi ya mara moja habari ya mfagiaji wa barabara. Asubuhi moja alimkuta mtu akifagia nje, akamuuliza mtunzi anatakiwa kuandikaje muziki. Mfagiaji akamtazama, akamwambia kwamba pengine inampasa aipende kila sauti moja moja. Pärt anasema hakuwahi kusikia jambo kama hilo chuoni.

Mwaka 1976 akatoka na kipande kidogo cha piano, Für Alina, kurasa mbili tu. Alikiandika kwa ajili ya msichana wa marafiki wa familia aliyekuwa amekwenda kuishi Uingereza, mbali na mama yake. Ndani yake mlikuwa na njia mpya, ambayo ameitumia tangu siku hiyo, na ameiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mlio wa kengele ndogo.

Njia yenyewe tunaweza kuwaonyesha kwa solfa, na Jumatano iliyopita tuliijaribu. Alto wanapanda ngazi polepole: do, re, mi, fa, so. Soprano hawaruhusiwi kuimba chochote ila do, mi na so, na kila mara wachukue ile iliyo karibu zaidi juu ya alto. Basi alto wakiimba do, soprano wanaimba mi. Alto re, soprano wanabaki mi. Alto mi, soprano so. Alto fa, soprano so. Alto so, soprano wanafika do ya juu. Basi, ni hayo tu! Lakini sikilizeni pale re inapokutana na mi, na fa na so: sauti zinakwaruzana, unataka kuziba sikio, kisha hatua moja mbele zinapatana. Tuliporudia mara ya nne bila kinanda, mama mmoja wa alto alisema anasikia kengele ya kanisa la kijijini kwao. Hatukuwa tumemwambia jina la njia hiyo.

Hivi ndivyo tulivyojifunza kwamba muziki mwepesi kuandikwa kwenye ubao si lazima uwe mwepesi kuimbwa. Tulikosea sana. Kwenye nyimbo zetu za kawaida mtu akipotea anajificha nyuma ya ngoma na makofi. Hapa hakuna pa kujificha.

Jambo lingine la Pärt ambalo lilitugusa ni jinsi anavyoshika maneno. Anahesabu silabi. Neno lenye silabi tatu linapata mwendo wake, la silabi nne mwendo mwingine, na alama ya kituo inakuwa kimya. Maneno ndiyo yanayoongoza, muziki unafuata. Sasa sisi tunaoimba Kiswahili tuna deni kubwa hapa. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwokozi, mkazo uko ko. Tenzi nyingi tulizotafsiriwa zimebeba sauti za Kiingereza, na pigo zito mara nyingi linaangukia zi. Tumezoea tangu utoto, hatusikii tena. Ndugu yetu wa besi anasikia. Tumemwona akisoma maneno kwa sauti akitembea nyuma ya kanisa, akipiga vidole kwenye paja, kabla hajaandika hata noti moja. Wengine wetu tulidhani anaomba. Labda alikuwa anaomba pia.

Mwaka 1980 Pärt, mke wake Nora na watoto wakaondoka kwa treni. Mpakani Brest maaskari walipekua mizigo yao, wakazisikiliza na zile kanda za muziki. Walipofika Vienna, wachapishaji wa muziki wa Universal Edition wakawapokea, wakaandikiana mkataba. Mwaka uliofuata wakahamia Berlin. Sahani yake iliyomjulisha ulimwenguni, Tabula Rasa, ilitoka 1984, akiwa karibu kutimiza miaka arobaini na tisa.

Tangu hapo maisha yake yamekuwa ya kuagizwa. Neno hili tulielewe, kwa sababu ndilo lililotugombanisha sisi kwenye kikao. Kwaya, kanisa au mji unamwendea mtunzi, unasema: tuna siku yetu, tunahitaji muziki, urefu ni huu, waimbaji ni hawa, malipo ni haya, tarehe ni hii. Chuo cha King's cha Cambridge kilimwagiza wimbo wa ibada yao ya Krismasi mwaka 1990, akawapa wa dakika moja na ushei. Kanisa kuu la Cologne lilipokaribia kutimiza miaka 750 tangu jiwe la msingi, alitunga kanuni nzima ya toba, ya zaidi ya dakika themanini, kwaya tupu bila ala. Kazi hiyo ilimchukua kama miaka miwili, na iliimbwa 1998 na kwaya ya Estonia chini ya Tõnu Kaljuste, ambaye amekuwa naye miaka mingi. Mwaka 2004, siku mbili baada ya mabomu kulipuka kwenye treni za Madrid, alianza kuandika ombi la amani ambalo Jordi Savall alikuwa amemwomba kwa ajili ya tamasha la Barcelona. Tunaokumbuka 7 Agosti 1998 Nairobi hatuhitaji kuelezwa kwa nini ombi lile linakwenda polepole hivyo.

Mtunzi wa namna hii analipwa mara kadhaa, kidogo kidogo. Analipwa anapoagizwa. Analipwa nakala zinaponunuliwa. Analipwa kazi ikiimbwa ukumbini au ikirushwa redioni. Sheria ya hakimiliki ya Kenya pia inamtambua: wimbo ni mali ya aliyeutunga maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hivyo zile fotokopi zetu, wapendwa, tusiziite huduma tu.

Sasa tufike kwenye majoho.

Mnajua kwamba tulikuwa tumechanga kwa ajili ya majoho mapya ya Jubilei. Rangi ilikuwa imechaguliwa, fundi alikuwa amepima kina mama. Kikaoni mmoja wetu akasema: je, tukichukua sehemu ya pesa hizi tumwagize ndugu yetu wimbo wa Jubilei? Kelele iliyofuata mliisikia hadi barabarani. Wako waliosema wimbo ni wa Mungu, haulipwi. Wako waliosema ni mtoto wetu, tumemlea, tumlipe vipi? Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba aliyejenga madhabahu alilipwa, fundi wa majoho analipwa, wapishi wa Jubilei watalipwa, na hakuna aliyewauliza kama wanampenda Mungu. Mchungaji akataja ile habari ya ng'ombe anayepura nafaka, akanyamaza. Tukapiga kura. Tofauti ilikuwa kura tatu.

Mwenyewe hakuwepo. Tulipomwendea, alikataa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema hataki zawadi, ila kama tuna nia kweli, tumnunulie Jumamosi. Hatukuelewa. Akaeleza kwamba anafanya kazi katika yadi ya mbao, na Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi na ujira mzuri. Akikosa Jumamosi, nyumbani wanalala na upungufu. Miaka hii yote alikuwa akitunga usiku baada ya watoto kulala, akiwa amechoka, na ndiyo maana nyimbo zake ni fupi. Sisi tulikuwa tunasifu ufupi huo, tukisema ana kipaji cha kufupisha!

Tukamnunulia Jumamosi kumi na mbili, na gharama ya kuchapa noti vizuri. Hizo ndizo zilizokula majoho.

Kwa hivyo siku ya Jubilei mtatuona na majoho yale yale ya zamani. Kola zimegeuzwa, kina mama wameyafua na kuyapiga pasi, mawili yametiwa viraka makwapani. Mtu asije akasema kwamba kamati ilikula pesa. Hesabu iko kwa mhazini, ukurasa kwa ukurasa.

Na tuwaambie kilichotokea katika hizo Jumamosi, maana hata sisi hatukujua. Nne za kwanza hakuandika kitu. Alikuja kanisani, akakaa, akasoma Zaburi, akaenda. Baadhi yetu tuliopiga kura ya ndiyo tulianza kutoka jasho. Ya tano alikuja na mstari mmoja. Ya nane alituletea wimbo mzima, tukauimba, tukaupenda, hasa mwisho wake mkubwa ambapo soprano wanapanda na watu wangesimama kwa vigelegele. Wiki iliyofuata ule mwisho haukuwepo. Ameufuta. Tulimsihi. Akasema ule mwisho ulikuwa unawaimbisha watu sauti, si maneno. Tena akashusha mstari wa tena kwa hatua moja, kwa sababu alikuwa amesimama karibu nao kwenye mazoezi na kuona mishipa ya shingo. Mtunzi aliyekufa miaka mia mbili iliyopita hawezi kukuangalia shingo.

Wimbo unachukua dakika nne. Utaimbwa baada ya somo la pili. Maneno yako katika kitabu hiki, na jina la mtunzi liko juu ya maneno, kwa herufi za ukubwa sawa na jina la wimbo. Tunaliomba kanisa jambo moja dogo: sauti ya mwisho ikiisha, msipige makofi mara moja. Ameandika pale mapigo manane ya kimya, na tumeyafanyia mazoezi kama noti nyingine zote. Watoto wameyaweza. Besi bado wanakohoa.

Kwenye kurasa za nyuma mtakuta orodha ya nyimbo ambazo kwaya hii imeziimba katika miaka hamsini. Tumejaribu kuandika jina la mtunzi mbele ya kila wimbo. Nafasi nyingine ziko wazi. Kama ulikuwa katika kwaya zamani, au mama yako alikuwa, na unakumbuka ni nani aliyekuja na wimbo fulani kwenye karatasi, tafadhali mwone katibu. Hata jina moja tu. Hata kama amekwisha lala, watoto wake wapo.

Nakala za wimbo mpya ziko kwa mhazini, zimehesabiwa, kila sauti na zake. Ukipoteza yako utapewa nyingine, usiende kupiga fotokopi. Mazoezi ya mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja jioni, na mtunzi atakuwepo. Njooni na penseli, kwa sababu amesema bado kuna sehemu moja ya alto anayotaka kuibadilisha.